Duara Lililokosekana Sakafuni

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kile kijistari kinachowakawaka kwenye skrini. Kilisogea. Nilibonyeza kitufe cha kuunganisha, kisha vitufe vitatu nilivyoandikiwa kwenye orodha, na kijistari kikapiga hatua moja kwenda kulia, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Lakini pale kilipotoka palibaki peupe. Hakuna aliyekaa.

Pembeni mwa skrini nukta ya kijani ikawaka. Nikaweka tiki kwenye daftari na kwenda mstari wa pili.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, katika chumba kilicho juu ya duka la mama mmoja mshonaji. Mwenye chumba ni mzee ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Vitufe. Watu humletea kibodi zilizomwagikiwa chai, naye huwarudishia kwa upole, maana hiyo si kazi yake. Yeye huandika programu zinazoiwezesha kibodi ya kawaida kutoa herufi ambazo hazikuchorwa juu ya vitufe vyake. Ukibonyeza kitufe cha kuunganisha hakitoi kitu. Kinaiambia kompyuta isubiri. Unabonyeza kingine, inazidi kusubiri. Unabonyeza kingine tena, na mwishowe inatoka herufi moja ambayo kibodi yenyewe haiijui.

Ili nielewe, siku ya kwanza kabisa alisukuma meza ukutani, akapiga magoti na kuchora kwa chaki maduara sakafuni, akayaunganisha kwa mishale. Kila duara ni mahali ambapo mashine husimama kusubiri. Kila mshale ni kitufe.

"Wewe ndiye mashine," akaniambia. "Nikitaja kitufe, fuata mshale wake. Usipouona, rudi mlangoni ukaanze upya."

Nikaruka. Mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, naruka maduara ya chaki. Mshonaji akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio, akauliza kwa sauti kama huko juu tunatwanga au tunacheza ngoma. Mzee akamjibu kwamba tunasoma. Alisema kweli. Kwa nusu saa ile nilielewa kuliko nilivyowahi kuelewa kitu chochote darasani, na darasani kwenyewe niliishia la tano.

Sikuipata kazi ile kwa elimu. Niliipata kwa sababu ya mdogo wangu. Yeye hasikii tangu kuzaliwa, na miaka saba iliyopita alipelekwa shule ya bweni ya wasiosikia, safari ya siku mbili kwa basi. Kule wanafundishwa kuandika lugha ya mikono: kuna herufi ya ngumi, herufi ya kiganja kilichofunguliwa, herufi za uso uliokunja ndita, na herufi za mwendo wa mkono kwenda juu au pembeni. Ziko mia sita na sabini na mbili. Kila likizo alinifundisha, nikawa nazo zote kwenye daftari. Shule ilipomwagiza Fundi awatengenezee kibodi ya kuandikia herufi hizo, mwalimu mlezi akamwambia kwamba katika mji wake kuna dada wa mwanafunzi wao anayezisoma. Fundi akanitafuta nyumbani. Mama ndiye aliyeongea. Mimi nilitikisa kichwa kukubali.

Watu husema mimi ni mpole. Sijui kama ni upole. Mazungumzo yangu yalipanda basi miaka saba iliyopita. Kabla ya hapo mimi na mdogo wangu tulikuwa tunasemezana tangu tuamke mpaka tuzimiwe taa, kwa alama zetu wenyewe tulizozibuni chini ya meza ya jikoni kabla yeye hajaiona shule yoyote. Yeye alikuwa "vidole viwili kwenye nyusi", kwa sababu ya kovu lake. Mimi nilikuwa "ngumi chini ya kidevu", kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikikaa. Kwa mikono nilikuwa mcheshi. Nilikuwa naiga majirani mpaka anagaagaa. Sasa mama akiniita kutoka chumba cha pili namjibu "abee", nikiulizwa kama nimekula nasema "ndiyo", na siku inaisha. Mikono naitumia kufua.

Kazi yangu kwa Fundi ilikuwa rahisi: kila mstari wa orodha nibonyeze vitufe vyake, nitazame kama nukta ya kijani imewaka na herufi imetoka, niweke tiki. Nukta maana yake mashine imefika duara la mwisho bila kupotea njia. Iliwaka kila mara. Herufi haikutoka hata mara moja.

Sikusema. Nilidhani ni kompyuta yangu, maana Mzee aliniambia tangu mwanzo kwamba ile ni kikongwe, nisishangae vituko vyake. Halafu nilidhani ni macho yangu. Halafu nikawa nimeshapita mstari wa mia mbili, na ukishapita mia mbili bila kusema, unaanzaje? Kufikia Jumanne jioni tiki zilikuwa mia sita na sabini na mbili, zimepangana vizuri kama mishono. Mzee akafungua daftari, akalifunga, akanipigia makofi matatu. Jumatano asubuhi akaituma programu shuleni.

Katikati ya hapo ilikuja barua ya mdogo wangu.

Shule yao hairuhusu simu. Barua huingia kwenye kompyuta ya mwalimu mlezi, naye huzisoma zote kwanza, kisha huzichapisha na kumpa mwenyewe. Picha hazifunguki kule; laini yao ni nyembamba, inapitisha maandishi tu. Zinazotoka kule zinakuja kwa anwani ya Fundi, naye hunichapishia bila kutazama, akinipa karatasi imegeuzwa chini. Kwa hilo namheshimu sana.

Barua ilikuwa ya maneno ya kawaida, maana kibodi ya mikono haikuwa tayari. Alisema amepata nafasi chuo cha ualimu, mji mwingine, mbali zaidi. Alisema ameikataa. Amemwambia mwalimu ampe mwenzake, na majina yatafungwa Ijumaa saa sita mchana. "Dada," aliandika, "uliacha shule darasa la tano kwa sababu nilikuwa nalia ukiondoka. Mama amenisimulia mara nyingi. Sasa ni zamu yangu. Nitarudi nikae na mama, wewe uende ukasome shule ya watu wazima."

Nikamjibu palepale: nenda chuo, usinifikirie mimi. Jibu lake likaja Jumatano.

"Siku zote unasema hivyo. Hayo ni maneno ya kwenye barua. Ungekuwa mbele yangu ningetazama mikono yako."

Nililikunja mara nne nikalitia kwenye sidiria, kisha nikaenda kukaa mbele ya kompyuta ambayo haikuwa na kazi ya kunipa.

Nilikuwa na jibu ambalo lingemfanya aende. Nilikuwa nalo tangu darasa la tano. Lakini kwa maneno ya kawaida lingepita kwanza mbele ya mwalimu mlezi, mwanamke ambaye sijawahi kumwona, asome na kikombe chake mkononi, na mimi jambo hilo sikuwahi kumwambia hata mama. Kwa herufi za mikono lingepita salama. Mwalimu anaijua lugha ya mikono ya shuleni. Zile alama zetu za chini ya meza hazijui. Isipokuwa herufi za mikono zilikuwa hazitoki, na aliyejua hivyo duniani kote ni mimi peke yangu.

Na lipo jingine, bora niliandike. Kama ningenyamaza tu, angerudi. Wiki mbili zisingepita, angekuwa amekaa mbele yangu jikoni, vidole viwili kwenye nyusi. Nilichotakiwa kufanya ni kile ninachokiweza kuliko vyote.

Alhamisi saa tatu mwalimu mlezi akamwandikia Fundi. Wameijaribu kibodi. Wameandika ukurasa mzima, wakauchapisha, imetoka karatasi nyeupe. Wanaomba maelezo.

Mzee alisoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu. Akavuta daftari langu, akapitisha kidole kwenye tiki, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akaanza kuandika jibu, na hilo pia analisoma kwa sauti huku anaandika: kwamba programu imejaribiwa mstari kwa mstari na msaidizi wake makini, kwamba tatizo lazima liwe kwenye kompyuta yao, kwamba wampelekee fundi wa huko aikague, hata ikichukua mwezi.

Msaidizi makini. Nikasikia masikio yanawaka moto.

"Mzee," nikasema.

Hakusikia. Sauti yangu huwa inafika mezani tu, haivuki. Nikainuka nikaenda kusimama karibu na kiti chake.

"Mzee, usitume."

"Kwa nini, binti?"

"Nilikuwa sioni kitu."

"Huoni kitu wapi?"

"Kwenye skrini. Nukta ilikuwa inawaka. Herufi haitoki. Panabaki peupe."

Akaondoa mikono kwenye vitufe. "Tangu lini?"

"Tangu mstari wa kwanza."

Cherehani ya chini ikakimbia kidogo na kusimama. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimeshaona pochi yangu ilipo na mlango ulipo.

"Mia sita na sabini na mbili," Mzee akasema polepole. "Binti, hata tiki moja hukuninyima?"

Nikataka kulia, lakini mdomo ukacheka. Naye akacheka, bila furaha, akifuta miwani yake kwa shati. Akasema kosa ni lake pia: ile nukta ameiweka yeye, na yeye mwenyewe hakuwahi kuandika hata herufi moja akaitazama, maana kwake zote ni vikaragosi. Kisha akafuta lile jibu. Akamwandikia mwalimu kwamba kosa ni letu na tunalirekebisha.

Ilimchukua saa nzima kuliona. Alinieleza huku akilitafuta, nadhani ili asilaani. Herufi zote za dunia zimepewa namba katika jedwali moja kubwa linaloitwa Yunikodi. Zilizotangulia zina namba ndogo, chini ya elfu sitini na sita. Herufi za mikono zilikuja nyuma, zikapewa namba juu ya laki moja na elfu ishirini. Programu yake aliiandika miaka mingi iliyopita, enzi ambazo hakuna aliyekuwa na haja ya namba kubwa hivyo. Kwa kazi hii alipanua visanduku vyote ndani ya programu. Mlango wa kutokea akausahau. Kila herufi ilifika pale, ikakatwa kichwa ipite, na kilichotoka kilikuwa namba isiyo na mwenyewe.

"Kwa hiyo tuupanue mlango," nikasema.

"Mlango si wangu. Ule ni wa kompyuta, ndivyo ulivyojengwa." Akachukua karatasi, akaichana katikati. "Namba kubwa inapita ikiwa nusu mbili. Ya kwanza, halafu ya pili, zikifuatana. Upande wa pili zinaunganishwa. Kila nusu ikiwa peke yake si kitu. Hata sura haina."

Akaandika hivyo. Tukajaribu. Nukta ikawaka. Peupe.

Akasoma mistari yake tangu juu mpaka chini. Akasoma tena. Mchana ukaingia, mshonaji akawasha redio, Mzee akaanza kuzisema herufi vibaya, kama wanavyosemwa wakwe. Mimi nikawa natazama sakafu. Maduara yalikuwa bado yapo, yamefifia kwa kukanyagwa. Nikaokota zile nusu mbili za karatasi, moja mkono huu, moja mkono huu, nikasimama mlangoni.

"Nitajie," nikasema.

Akanitazama. Kisha akataja kitufe cha kuunganisha. Nikarukia duara la kwanza. Akataja cha pili, cha tatu, cha nne. Nikafika duara la mwisho, nikaiangusha nusu ya kwanza chini.

"Imetoka," akasema. "Sasa?"

Sheria yake mwenyewe ilikuwa kwamba kikishatoka kitu, unarudi mlangoni papo hapo. Mshale ulikuwa mmoja tu. Nikaufuata. Nikasimama mlangoni na nusu ya pili mkononi.

Tukatazamana.

"Sina pa kusimama, Mzee," nikasema. "Baada ya nusu ya kwanza. Mashine inakwenda nyumbani na hii nyingine."

Alinirushia chaki. Nikapiga magoti na kuchora duara jingine kati ya la mwisho na mlango, dogo, lililopinda upande, na mshale wa kuingia na mshale wa kutoka. Nikarudi nyuma nikaruka upya: nusu ya kwanza ikaanguka, nikasimama ndani ya duara langu nikasubiri, nusu ya pili ikaanguka, ndipo nikaenda mlangoni. Mshonaji akagonga dari. Mzee akapaza sauti kwamba mama mtukufu avumilie, tuko kwenye mtihani.

Alipoliandika lile duara ndani ya programu lilichukua mistari saba tu. Nikabonyeza. Kijistari kikasogea, na pale kilipotoka pakawa na ngumi. Ndogo, nyeusi, kidole gumba kimelala juu ya vingine. Nikaigusa kwenye kioo.

Mchana ule na Ijumaa asubuhi nikazirudia zote kwa penseli. Kumi na moja zilikuwa na makosa. Nilisema mara kumi na moja, na kila mara sauti ilitoka ikiwa imechoka kama imepanda ngazi, lakini ilitoka.

Saa nne Mzee akaituma upya programu shuleni, kisha akavuta kiti. "Andika kitu kirefu," akasema. "Ukurasa. Tuwatumie waone kwamba unafika. Nani wa kumpelekea?"

"Mdogo wangu."

"Basi andika."

Niliketi na mikono mapajani. Dirishani palikuwa na shati la mtu linakauka, mikono inaning'inia. Saa sita majina yanafungwa. Nikiandika "habari za huko, sisi wazima", kibodi itakuwa imejaribiwa sawasawa, Mzee atafurahi, shule itafurahi, na mdogo wangu atarudi nyumbani. Hakuna atakayejua. Nilikaa hivyo mpaka Mzee akamaliza chai yake na kulamba sukari kwenye kijiko.

Kisha nikaanza kubonyeza. Vitufe vinne kwa kila herufi, na kila alama yetu inahitaji herufi tatu au nne: umbo la mkono, mahali, mwendo, uso. Kila herufi ilisimama kwenye duara langu dogo ikasubiri nusu yake ya pili. Ilipofika saa tano na robo nilikuwa nimejaza ukurasa, na vidole vilikuwa vinauma kama nimeongea siku nzima.

Mzee akaja akatazama. Mikono, mikono, mikono.

"Umeandika nini?"

"Majaribio."

"Marefu," akasema. Akashika kipanya. "Nitume?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sema, binti."

"Tuma."

Jibu lilikuja Jumatatu, la kwanza kuandikwa kwa kibodi yetu kutoka kule. Lilikuwa na alama mbili. Ya kwanza ilikuwa ngumi chini ya kidevu, ambayo ni mimi. Ya pili ni ile tuliyokuwa tukiitumia pale mmoja wetu akitoka jikoni, kiganja kikisukuma hewa mbele: naenda. Mwalimu mlezi aliongeza chini, kwa maneno ya kawaida, kwamba jina lake liliingia Ijumaa, saa sita kasoro dakika nane, na kwamba binti alikaa na karatasi ile muda mrefu bila kutaka kumwambia mtu imeandikwa nini.

Nyumbani mama alisema kutoka chumba cha pili kwamba sasa tutakaa wawili tu miaka mingine mitatu. Nikamwambia ndiyo. Jikoni nilikaa kwenye kiti changu, nikamsimulia mtu asiyekuwepo jinsi Mzee alivyozisema herufi kama wakwe, kwa mikono, mpaka maji yakachemka.

Kwenye ile karatasi niliandika hivi, nikiyaweka kwa maneno kwa mara ya kwanza.

Wewe, vidole viwili kwenye nyusi. Mwalimu alinisimamisha nisome kwa sauti, ukurasa mmoja. Nilikuwa naujua. Sauti haikutoka. Nilisimama mpaka kengele, wakicheka, na kesho yake hivyo, na kesho yake hivyo. Nikamwambia mama kwamba unalia nikiondoka, hivyo bora nikae nawe. Akaniamini, akanisifu, na wewe ukakua ukiamini. Hudaiwi chochote. Asubuhi ulikuwa unakaa dirishani ukinipungia mkono na kucheka mpaka nipotee kona. Hukulia hata siku moja. Aliyekuwa akilia ni mimi, nyuma ya tangi la maji, nikisubiri macho yakauke ndipo niingie ndani tucheze.